Gusa Hapa

Rasta ndogo zinachukua saa tano, na nywele zikiwa nzito zinafika saa sita. Mteja anakaa chini kwenye mkeka, mimi juu kwenye kigoda, kichwa chake kati ya magoti yangu. Haoni uso wangu, wala mimi sioni wake. Nadhani ndiyo sababu wanawake hunieleza mambo ambayo wasingeyasema kwa mtu wanayetazamana naye.

Mmoja wao, mama wa watoto wanne kutoka Pongwe, alikuwa kimya tangu asubuhi. Tulipofika utosini akauliza kwa sauti ya chini, "Dada, hivi ni kweli kijiti cha uzazi wa mpango kinatembea mwilini mpaka kinaingia kwenye moyo?"

Niliweka kitana chini, nikapandisha mkono wa kushoto wa gauni langu. Upande wa ndani, juu ya kiwiko, nina kovu dogo kama punje ya mchele. Nikamwambia, "Gusa hapa. Kilikaa hapa mwaka na miezi kadhaa. Siku ya kukitoa kilikuwa palepale kilipowekwa."

Aligusa, akagusa tena. Basi ukawa mlango umefunguliwa. Aliuliza mpaka tunachovya ncha za rasta kwenye maji ya moto bado anauliza.

Maneno hayo, "gusa hapa", si yangu. Nilipewa na wifi yangu mwaka 2012, nyuma ya nyumba ya watu, siku ya arusi.

Mwanangu wa kwanza alizaliwa mwaka 2010. Alipotimiza miezi tisa nikajikuta nina mimba nyingine, na kwetu Tanga mimba juu ya mtoto anayenyonya ni aibu yenye jina: umembemenda mtoto. Kila aliyekuja kututembelea aliitazama miguu ya mwanangu kabla hajamtazama usoni. Niliambiwa maziwa yangu yameharibika, nimwachishe siku hiyohiyo. Nikamwachisha. Nikampa uji mwepesi wa mahindi, akaharisha, akakonda, na kila mtu akasema, mwaona, amebemendwa. Miaka kadhaa ilipita kabla muuguzi hajanieleza kwamba mimba haigeuzi maziwa ya mama kuwa sumu. Kilichomkondesha mwanangu ni kunyang'anywa ziwa ghafla akapewa uji usio na kitu. Nilipolisikia hilo nilitoka nje nikalia. Mtoto alipona, sasa ni kijana mrefu kuliko baba yake, lakini ile miezi siisahau.

Wa pili alipozaliwa niliingiwa na hofu ya mume wangu mwenyewe. Nilikuwa nalala na gauni na khanga mbili. Siku hiyo ya arusi tulikuwa tunamenya vitunguu vya pilau, wifi akaniona nimenyong'onyea, akanivuta nyuma ya banda. Hakunihutubia. Alipandisha mkono wa dera lake akasema, "Gusa hapa." Nikagusa. Chini ya ngozi palikuwa na kitu chembamba, kama njiti ya kiberiti, kinateleza kidogo chini ya kidole. "Miaka mitatu," akasema. "Kaka yako hajui, na mimi nalala usingizi."

Nilikuwa nimepita mbele ya picha za kliniki mara nyingi. Ile Nyota ya Kijani, alama ya uzazi wa mpango, niliijua tangu utotoni, ilichorwa kwenye ukuta wa zahanati yetu. Mama yangu mwaka 1993 alikuwa hakosi mchezo wa redio wa uzazi wa mpango, Twende na Wakati, sufuria jikoni inaungua yeye yuko kwenye redio, na vidonge alivyokuwa akimeza alifika mahali akaviita "vya UMATI", kwa jina la kile chama cha uzazi na malezi bora kilichoanza mwaka 1959. Kwa hiyo siwezi kusema sikuwahi kusikia. Nilisikia. Lakini picha ya ukutani huwezi kuiuliza kama inauma. Wifi nilimuuliza kila kitu pale pale, mikono inanuka vitunguu: ulitoka damu? ulinenepa? uliwekwa na mwanamke au mwanamume? Wiki iliyofuata nikaenda na mimi.

Nataka niseme habari ya bibi yangu hapa, kwa sababu watu huwataja mabibi kana kwamba hawakujua lolote. Bibi alikuwa kungwi. Amewacheza wali wengi, na alipokuwa akizaa watoto wake alivaa pigi kiunoni, kijipande cha mti kilichofungwa kwenye uzi. Alizaa watoto saba, wote wamepishana miaka mitatu au zaidi. Nilimuuliza siku moja, bibi, ule mti ulikuwa na nini? Akanijibu kwamba pigi likiwa kiunoni babu hakuja. Aliyezaa alirudi kwao, akauguzwa uzazi na mama yake, akanyonyesha miaka miwili, na siku akilivua pigi ndiyo mume alijua njia iko wazi. Ninavyoona mimi, mti haukuzuia mimba. Kilichozuia ni lile neno ambalo mke hakulazimika kulitamka, nalo likaheshimiwa. Sisi tumebaki na nyumba za kupanga chumba kimoja, hakuna wa kurudi kwao miaka miwili, na heshima ile ya pigi imekwisha. Ndipo tunapohitaji kitu kingine.

Hata kunyonyesha kwa bibi kulikuwa na hesabu yake. Siku hizi nasikia wanawake wakiambiana, "Nyonyesha tu, hutashika mimba." Hilo ni neno lililokatwa mkia. Kunyonyesha kunakinga vizuri mambo matatu yakiwa pamoja: mtoto hajafika miezi sita, anapewa ziwa tupu mchana na usiku bila maji wala uji, na mama hajaona siku zake tangu ajifungue. Moja likitoka, kinga imepungua. Mimi mwenyewe nilimpa mtoto wa kwanza maji ya kunywa tangu mwezi wa pili, na mimba niliishika akiwa na miezi tisa. Hakuna aliyeniambia ule mkia wa neno.

Sasa nirudi kwenye kijiti. Kwa wifi kilikuwa raha tupu. Kwangu kilileta matone ya damu siku ishirini kwa mwezi, mwaka mzima. Haikuwa damu nyingi ya kutisha, ila ya kukera, ya kukunyima swala na ya kukunyima mume. Na mume, ambaye sikuwa nimemwambia, aliuliza. Anaendesha lori la mizigo, barabarani wana vijiwe vyao, huko alikuwa ameshaambiwa kwamba mke anayetumia "hizo dawa" anakuwa baridi na anatafuta nje. Usiku ule tulioongea ulikuwa mgumu. Hakukasirikia kijiti, alikasirika kwamba wifi na vitunguu vyake walijua na yeye hakujua. Simlaumu. Lakini pia siwezi kumwambia mwanamke mwenzangu kwamba lazima aseme kwa mumewe, kwa sababu namjua mmoja aliyesema akarudishwa kwao na jicho limevimba. Kadi yake ya kliniki anaihifadhi kwangu, chini ya boksi la nywele bandia, na itaendelea kukaa pale mpaka atakapoitaka.

Nilikitoa kijiti mwaka 2013 nikahamia kwenye vidonge. Vilinikaa vizuri mno. Siku zangu zikanyooka, maumivu ya tumbo yakapungua, nikawa naona nimepata siri ambayo dunia nzima inapaswa kuijua. Niliwasifia wateja. Niliwasifia mashoga. Na hapo ndipo nilipomkosea mdogo wangu.

Alikuwa Handeni, amejifungua mwezi wa pili wa 2014. Mtoto alipofika miezi miwili akanipigia simu: dada, naogopa, huyu baba amesharudi kutoka machimboni, nifanye nini? Nikamwambia usihangaike na foleni ya kliniki, mimi ninavyo. Nikamtumia pakiti mbili kwa kondakta wa basi, nimezifunga kwenye kitenge. Kwa simu nikamweleza: kidonge kimoja kila siku, anza kwenye mshale, vile vya kahawia vya mwisho ni vya damu tu. Nikajiona dada mwema.

Sikumuuliza hata swali moja. Nilijua kwamba anamnyonyesha kichanga, na sikujua kwamba vile vyangu, vya aina ya homoni mbili, havimfai anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi sita, vinaweza kupunguza maziwa. Nilijua pia kwamba mimba ile ilikuwa na presha, alilazwa nayo wiki ya mwisho, tulipeana zamu ya kumpelekea uji. Sikuiunganisha presha na kidonge. Kwangu presha ilikuwa habari ya mimba, na mimba ilikwisha.

Baada ya wiki sita alipeleka mtoto kupima uzito, mstari kwenye kadi umelala. Maziwa yamepungua, anakamua hayatoki, na kichwa kinamgonga kila siku. Muuguzi akampima presha: 160 kwa 100. Akamuuliza unatumia dawa gani, akatoa pakiti mfukoni. Umepewa na nani? Na dada.

Nilipanda basi siku iliyofuata, nikaenda naye kliniki mwenyewe. Nilijitayarisha kutukanwa. Yule muuguzi, mama wa makamo, sitamsahau, hakunitukana. Alituketisha wote wawili kwenye benchi, akaishika ile pakiti akahesabu vilivyobaki, na ikaonekana mdogo wangu alikuwa akimeza siku mume yupo tu, akisafiri anaacha, maana "mume hayupo, za nini?" Kwa hiyo nilikuwa nimempa dawa isiyomfaa, na hata hiyo isingemkinga, kwa sababu kidonge hufanya kazi kikimezwa kila siku, mume awepo asiwepo. Kisha akaniambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: "Mwanangu, dawa hii haiazimwi kama chumvi. Ukitaka kumsaidia mwenzio, mwazime maswali."

Akanipa maswali yenyewe. Unanyonyesha, na mtoto ana umri gani? Presha yako umepima lini? Una maumivu ya kichwa ya upande mmoja yanayokuja na kuona vimulimuli? Unavuta sigara, na umepita miaka 35? Umewahi kupata damu kuganda mguuni? Kuna dawa nyingine unameza kila siku? Unataka mtoto mwingine lini, au umemaliza? Mdogo wangu alipewa vidonge vya aina nyingine, vile vya homoni moja ambavyo mama anayenyonyesha anaruhusiwa, akaanzishiwa dawa ya presha, akafundishwa kumweka mtoto kwenye ziwa mara nyingi zaidi. Maziwa yalirudi polepole. Hakuwahi kunilaumu kwa mdomo, na nilitamani anilaumu.

Tangu siku hiyo sijampa mtu kidonge. Nimetoa maswali, kwa mamia.

Na maswali yanafanya kazi ambayo sifa haifanyi. Mteja mmoja alikuwa anakohoa, nikamsogezea maji, akasema hapana, niko kwenye dozi ya TB, mwezi wa tatu sasa. Mkononi ana kijiti, namjua. Lile swali la "dawa nyingine unameza?" likanijia. Nikamwambia sina hakika ya mwili wako, lakini mwambie daktari wa TB kwamba una kijiti, leo, usisubiri. Alirudi kunieleza: miongoni mwa zile dawa za TB iko rifampisini, inalifanya ini liiondoe homoni ya kijiti haraka kuliko inavyotakiwa, vivyo hivyo kwa vidonge. Akawekwa kwenye sindano ya miezi mitatu, ambayo haina tatizo hilo. Hakuna mtu aliyewahi kumuunganishia mambo hayo mawili, kwa sababu TB anatibiwa chumba kimoja na uzazi wa mpango chumba kingine, na faili hazijuani.

Sindano mimi mwenyewe niliitumia tangu mwisho wa 2014. Uvumi wa sindano ndio mkubwa kuliko wote kwenye mkeka wangu, na nimegundua kitu: uvumi mwingi una kokwa ya kweli ndani yake, ndiyo maana haufi ukiuita uongo. Wanasema damu inajaa tumboni inakuwa uvimbe. Kokwa yake ni kwamba wengi wetu tukichoma sindano siku zetu zinakatika kabisa. Damu hiyo haipo popote, ukuta wa mji wa mimba haujajengeka kwa hiyo hakuna cha kubomoka, lakini mwanamke aliyezoea kuona mwezi kila mwezi atajiuliza imeenda wapi, na asipojibiwa atajijibu. Wanasema inafunga kizazi. Kokwa yake ni kwamba uzazi hukawia kurudi. Nilichoma ya mwisho mwezi wa pili 2016 kwa sababu tulitaka wa tatu. Mimba iliingia mwezi wa kwanza 2017, miezi kumi na moja baadaye. Katikati hapo mama mkwe alisema aliyoyasema, na mimi mwenyewe, pamoja na yote niliyojua, nililala macho usiku mwingi. Angenieleza mtu siku ya kwanza kwamba kukawia hivyo ni kawaida ya sindano, ningeacha mapema na ningelala. Sasa mteja akiniambia "nataka kupumzika mwaka mmoja tu kisha nizae", huyo ninamwambia akaulize kuhusu njia ambayo ukiiacha uzazi unarudi mara.

Ule wa vidonge kurundikana tumboni hauna kokwa. Kidonge kinayeyuka kama panadol. Ule wa kitanzi, kile kinachowekwa ndani ya mji wa mimba, kumdunga mume unayo: kuna nyuzi mbili, mwanzoni zinaweza kusikika, na zinalainika au zinapunguzwa. Mimi ninacho tangu 2018, kile cha shaba kisicho na homoni. Miezi ya mwanzo damu iliongezeka na tumbo liliniuma, nikaambiwa nivumilie miezi mitatu, ikatulia kweli. Kinaweza kukaa miaka 10.

Mwaka huo huo wa 2018, mwezi wa tisa, Rais Magufuli alisema hadharani kule Meatu kwamba wanawake waachane na dawa za kuzuia mimba. Jioni yake saluni haikukalika. Wawili walikuja kuniuliza kama sindano zimepigwa marufuku, mmoja alikuwa amekosa tarehe yake kwa sababu jirani amemwambia wanaokwenda wanaandikwa majina. Sikutaka kubishana siasa na mtu. Nilifunga saluni asubuhi iliyofuata nikaenda kliniki na macho yangu, nikaona foleni iko, dawa ipo, bado ni bure kama siku zote kwenye vituo vya serikali. Nikarudi nikasema nilichokiona. Yule aliyekosa tarehe alikwenda siku hiyohiyo.

Si kila mara kliniki inaturahisishia. Rafiki yangu anayeuza dagaa alitaka kutolewa kijiti baada ya miezi saba, kichwa kinamsumbua. Kwenye kituo alikowekewa alirudishwa mara mbili: vumilia, miaka mitatu haijaisha. Mara ya pili alirudi nyumbani, na kuna ndugu wa mumewe alikuwa tayari amechemsha wembe. Nilipigiwa simu nikiwa na kichwa cha mtu mkononi, nikaacha. Tulikwenda kituo kingine, akachomwa ganzi, kikatoka kwa dakika chache. Hilo limeniuma kuliko uvumi wote, kwa sababu mwanamke ana haki ya kukitoa siku yoyote atakayo, na kila anayekataliwa anarudi mtaani na habari moja tu mdomoni: ukiwekwa, hawakutoi. Habari hiyo ikishapita kwenye ndoo za maji, kwenye msiba, kwenye kikao cha vikoba, utatumia miaka kuifuta. Na mwenye kosa hapo si midomo ya wanawake.

Wasichana nao wana njia yao ya habari, inapita kwenye simu, haipiti kwangu. Wanajua P2 tu, vile vidonge vya kumeza baada ya tendo. Binti wa chuo niliyemsuka twende kilioni, nywele za haraka, aliniambia amemeza mara tatu mwezi huo, tena hajui kwa nini damu yake imevurugika. Nilijitahidi nisishangae kwa sauti, maana wakisikia mshangao wanafunga mdomo. Nilimwambia hiyo ni ya dharura, imezwe mapema iwezekanavyo ndani ya saa 72, na haimkingi na ya kesho. Nikamwambia pia kwamba hakuna kati ya hizi zote, iwe P2, sindano au kitanzi changu, inayozuia Virusi vya UKIMWI isipokuwa kondomu. Alisikiliza. Sijui alifanya nini. Binti yangu mdogo bado yuko shule ya msingi, lakini siku yake inakuja, na nimeshamwomba shangazi yake ajiandae, kwa sababu nyumbani kwetu mama hasemi mambo hayo na binti yake, anasema shangazi au kungwi. Desturi hiyo naipenda. Nataka tu atakayesema awe na yote ya kusema.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa katikati ya kichwa, simu ikaita, nikaiweka spika. Mdogo wangu, Handeni.

"Shikamoo dada. Uko kazini? Sikucheleweshi. Kuna mama jirani hapa, ana miaka 41, amesikia nasifia vidonge vyangu anataka nimpe. Nimekataa. Nimemuuliza presha, hajui. Nimemuuliza sigara, havuti, ila ugoro anatumia. Nimemwambia Alhamisi nitampeleka mwenyewe apimwe kwanza, na kama amemaliza kuzaa aulize na habari ya kufunga kizazi. Nimekosea?"

"Hujakosea."

"Anadhani namnyima."

"Muoneshe kadi ya mtoto," nikasema. "Ile yenye mstari uliolala."

Kukawa kimya upande wa pili, halafu akasema, "Ninayo. Nimeitunza."

Nilikata simu nikarudi kwenye nywele. Mteja aliyekuwa mkekani, niliyemjua siku hiyohiyo, hakugeuza kichwa.

"Dada," akasema, "huyo mama nimesikia ana miaka arobaini na moja? Maana na mimi presha sijapima tangu nimzae huyu wa mwisho."